Badruddin Tyabji: Muislamu Aliyeketi Katika Mabaraza Mawili

Sisi watu wa Mwambao twaijua Bombay, ambayo siku hizi yaitwa Mumbai, kwa mambo mengi. Babu zetu waliijua kwa majahazi yaliyokuja na kaskazi yakarudi na kusi, kwa nguo na mchele, kwa masanduku ya njumu, na kwa misahafu na vitabu vya dini vilivyopigwa chapa huko. Lakini kuna jambo jingine lililotujia kutoka mji huo, nalo twalisahau mara nyingi. Jambo lenyewe ni sheria. Katika karne ya 19, Wahindi waliokaa Unguja chini ya ulinzi wa Mwingereza, wasiporidhika na hukumu ya mahakama ya balozi wao, rufaa yao ilivuka bahari mpaka Mahakama Kuu ya Bombay. Na katika mwaka wa 1897, serikali ya Kiingereza ilipopanga mahakama zake katika upande wetu huu wa Afrika Mashariki, ilichukua Kanuni ya Adhabu ya Bara Hindi ikaifanya ndiyo sheria ya hapa. Kenya iliihukumia watu kwa kanuni hiyo hadi mwaka wa 1930.

Kwa hiyo nimeona si vibaya leo nieleze habari za bwana mmoja aliyekuwa jaji katika Mahakama Kuu hiyo ya Bombay, Muislamu wa kwanza kukipata cheo hicho. Jina lake ni Badruddin Tyabji. Alikuwa wakili, akawa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, akawa rais wa chama cha Congress cha Bara Hindi, kisha akawa jaji. Lakini vyeo hivyo sivyo vilivyonivuta. Kilichonivuta ni swali moja lililomfuata maisha yake yote, nalo ni swali ambalo Waislamu wengi ulimwenguni bado wanajiuliza: Muislamu aliyezaliwa katika nchi ambayo wengi wa watu wake si wa dini yake, akae wapi? Akae na wenziwe peke yao, wajilinde? Au aingie katika baraza la wote, akubali kuwa mmoja katika wengi? Tyabji alijibu kwamba akae kote kuwili. Na jibu hilo lilimgharimu.

NYUMBA YA MULLA TYAB ALI

Badruddin alizaliwa mjini Bombay tarehe 10 Oktoba, 1844. Baba yake, Mulla Tyab Ali, alikuwa mfanyabiashara, na asili ya jamaa zake ilikuwa Cambay, bandari ya kale ya Gujarati. Walikuwa Mabohora, lakini si Mabohora wa Kidaudi ambao twawajua sana hapa Mombasa. Wao walikuwa wa Kisuleimani, jamaa ndogo iliyotengana na wenzao mwishoni mwa karne ya 16 kwa hitilafu juu ya nani awe kiongozi wao. Basi huyu alizaliwa katika wachache waliomo ndani ya wachache: Bara Hindi wengi ni Wahindu, Waislamu ni wachache, katika Waislamu wengi ni Sunni, Mabohora ni wachache, na katika Mabohora wengi ni Daudi, Wasuleimani ni wachache. Mtoto wa namna hiyo hujifunza mapema kukaa na watu.

Mulla Tyab Ali alikuwa mtu wa dini, tena mtu wa kuona mbali. Wakati huo Waislamu wengi wa Bara Hindi waliiona elimu ya Kizungu kuwa mlango wa kuipoteza dini. Kwa nini wasiione hivyo? Mwingereza ndiye aliyeuangusha ufalme wa Kiislamu wa Delhi, na baada ya vita vya 1857 Waislamu ndio walioshukiwa zaidi. Mtu aliyempeleka mwanawe shule ya Kizungu alisemwa vibarazani. Mulla alisikia maneno hayo, lakini wanawe akawapeleka Ulaya.

Mkubwa mmoja wao, Camruddin, katika mwaka wa 1858 alikubaliwa Uingereza kuwa wakili wa kuandika na kutayarisha kesi, Mhindi wa kwanza kuipata kazi hiyo kule. Lakini baba hakuwaacha wende hivi hivi tu. Badruddin alisomeshwa kwanza madrasa, akajifunza Kiurdu na Kiajemi, kisha ndipo akaingia shule ya Elphinstone, shule kubwa ya Kiingereza ya Bombay. Nyumba hiyo pia ilikuwa na desturi moja nzuri ya kuweka daftari za habari, na watu wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, wakaandika humo mambo ya jamaa: nani amesafiri, nani amezaliwa, nani yu mgonjwa. Nadhani desturi hiyo peke yake yaeleza mengi juu ya watu wale. Walijua kwamba atakayekwenda mbali lazima awe na mahali pa kurudi.

MACHO MABOVU NA KITABU CHA SHERIA

Kijana Badruddin alikuwa na tatizo la macho. Alipelekwa kwanza Ufaransa kutibiwa, na katika mwaka wa 1860 akafika London kusoma. Alikuwa na umri wa miaka 16 hivi. Mwaka wa 1863 akajiunga na Middle Temple, mojawapo ya vyuo vya kale ambavyo hutoa mawakili wa Uingereza. Macho yakamharibikia tena. Mwishoni mwa mwaka wa 1864 ikambidi aache masomo arudi kwao.

Wengi wetu, likitufika la namna hiyo, tungesema Mungu hakuandika. Yeye alikaa Bombay mwaka mmoja hivi, akaoa mke aitwaye Rahat-un-Nafs, na mwishoni mwa mwaka wa 1865 akapanda meli tena kwenda kuimaliza kazi aliyoianza. Mwezi wa Aprili, 1867, akapewa ruhusa ya uwakili. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amekwisha kurudi Bombay, akaandikwa katika Mahakama Kuu.

Yafaa nieleze kidogo jinsi mambo yalivyokuwa. Mahakama Kuu ya Bombay ilikuwa changa, imeanzishwa mwaka wa 1862. Kazi ya uwakili iligawanywa sehemu mbili kwa desturi ya Kiingereza. Kulikuwa na wakili anayempokea mteja, akaiandika kesi na kuitayarisha, na kulikuwa na wakili mwingine anayesimama mbele ya majaji kuisema. Hawa wa pili wote walikuwa Wazungu. Badruddin Tyabji alikuwa Mhindi wa kwanza wa Bombay kuingia katika safu yao. Mteja mwenye kesi ya maelfu ya rupia alikuwa na sababu ya kusitasita: je, jaji wa Kizungu atamsikiliza mtu huyu kama anavyomsikiliza Mzungu mwenzake? Hapo bahati yake ilikuwa ndugu yake Camruddin, aliyekuwa tayari katika kazi ile nyingine ya kutayarisha kesi, akijua milango ya mahakama. Lakini ndugu aweza kukufungulia mlango tu; kusema mbele ya majaji ni juu yako mwenyewe. Tyabji alijulikana kwa utaratibu wake wa kusema, kwa kuijua kesi yake pande zote mbili, na kwa kutopandisha sauti. Miaka michache baadaye hapakuwa na mtu aliyemwuliza rangi yake.

ANJUMAN NA BARAZA LA MJI

Katika mwaka wa 1873 Tyabji aliingia katika Baraza la Mji wa Bombay. Mwaka uliofuata, 1874, yeye na ndugu yake Camruddin na Waislamu wengine wakaanzisha jumuiya iitwayo Anjuman-i-Islam. Naomba msomaji aizingatie miaka hiyo miwili, mmoja umeukalia mwenzake. Mtu huyu hakuanza na siasa ya wote akaisahau jamaa yake, wala hakuanza na jamaa yake akaja kuiacha alipopata umaarufu. Aliyaanza yote mawili pamoja, na yote mawili akaendelea nayo.

Lengo la Anjuman lilikuwa elimu. Waislamu wa Bombay walikuwa nyuma. Waparsi na Wahindu walikwisha kujaza madarasa ya Elphinstone na Chuo Kikuu cha Bombay, na kwa hiyo walizijaza ofisi na mahakama. Waislamu walikuwa na biashara, na wengi walikuwa mafukara, lakini wenye vyeti walikuwa wa kuhesabika. Katika mwaka wa 1880 Anjuman ilifungua shule ambayo mtoto alisoma dini yake na lugha zake, tena akasoma Kiingereza na hesabu. Mwaka wa 1893 shule ikahamia katika jengo kubwa linalotazamana na stesheni kuu ya reli ya Bombay. Jengo hilo liko mpaka leo, na Anjuman yenyewe ingali hai, ina shule na vyuo vingi. Tyabji alikuwa katibu wake, kisha tangu mwaka wa 1890 akawa rais wake mpaka alipokufa.

Upande wa pili, nyota yake katika siasa ilikuwa ikipanda. Mwaka wa 1882 Gavana alimteua kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Bombay. Mwaka wa 1883 ukaja mzozo mkubwa wa mswada wa Ilbert. Mswada huo ulitaka majaji wa Kihindi katika wilaya wawe na uwezo wa kuhukumu kesi za Wazungu. Wazungu wa Bara Hindi walikasirika mno. Walifanya mikutano, wakayatukana mataifa yote ya Kihindi bila ya kuchagua, na mwishowe serikali ikaulegeza mswada ule hata ukapungua nguvu. Mjini Bombay watu wa nchi walikusanyika mwezi wa Aprili, 1883, na Tyabji alikuwa mmoja wa waliosimama kusema. Alisema kwa upole, kama ilivyokuwa desturi yake, lakini maana ilikuwa wazi: sheria haiwezi kuitwa sheria ikiwa inauliza kwanza rangi ya mtu.

Wakati huo walikuwa watatu wakitajwa pamoja: Pherozeshah Mehta, aliyekuwa Mparsi, Kashinath Trimbak Telang, aliyekuwa Mhindu, na Badruddin Tyabji, Muislamu. Wote walikuwa mawakili. Mwezi wa Januari, 1885, watatu hao walianzisha chama cha Bombay Presidency Association, na mwishoni mwa mwaka huohuo chama hicho kikaukaribisha mjini Bombay mkutano wa kwanza wa Congress, wenye wajumbe 72 tu. Tyabji mwenyewe hakuwapo, kwani yeye na ndugu yake walikuwa Cambay kwa shughuli. Maadui wa Congress wakavumisha kwamba Waislamu wameususia mkutano. Alikanusha jambo hilo hadharani. Hata hivyo uvumi ulikuwa umekwisha kutoka, nao ulikuwa dalili ya yatakayokuja.

MADRAS, 1887

Mwaka wa 1886 Tyabji aliacha kiti chake katika Baraza la Kutunga Sheria kwa sababu ya afya. Lakini mwaka uliofuata aliitwa katika jambo zito zaidi. Congress ilikuwa ifanye mkutano wake wa tatu mjini Madras, ambao leo waitwa Chennai, mwezi wa Desemba, 1887. Rais wa kwanza alikuwa Mhindu wa Kibengali, wa pili Mparsi. Sasa wakamtaka Muislamu. Tyabji alijua fika kwa nini anatakiwa. Alijua pia kwamba Waislamu wengi wakubwa wa Bara Hindi hawataki kuisikia Congress, na kwamba akikubali atasemwa kuwa amenunuliwa. Alikubali.

Zaidi ya wajumbe 600 walikutana Madras. Katika hotuba yake alieleza kwamba haoni sababu yoyote ya Waislamu kutoshirikiana na wenzao wa dini na makabila mengine katika mambo ambayo faida yake ni ya wote. Kila jamaa ina mambo yake ya ndani, nayo iyashughulikie yenyewe. Lakini kodi na mahakama, na viti katika mabaraza, hayo humgusa kila mtu.

Siku hizohizo, maili nyingi kaskazini katika mji wa Lucknow, alisimama mtu mwingine akawaambia Waislamu kinyume cha hayo. Huyo alikuwa Sir Syed Ahmad Khan, mwanzilishi wa chuo cha Aligarh, mzee aliyeheshimiwa kuliko Muislamu yeyote wa Bara Hindi wa wakati ule. Hapana budi tumpe haki yake, kwani hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Alisema Bara Hindi si taifa moja bali mataifa mengi. Ikiwa wajumbe watachaguliwa kwa kura, naye Mhindu mwenye wingi ampigie Mhindu, na Muislamu ampigie Muislamu, basi Waislamu watashindwa katika kila jambo mpaka siku ya kiama. Afadhali wakae kando, wasome kwanza, wajipatie nguvu.

Mapema mwaka wa 1888 watu hawa wawili waliandikiana barua. Nimewasoma wote wawili kwa makini, na naona ya kwamba hawakuwa mbali sana kama wafuasi wao walivyofikiri. Wote wawili waliwahofia Waislamu kudhulumiwa, na wote wawili waliamini elimu. Walichogombania ni mahali pa kusimama. Tyabji alimweleza mzee kwamba ikiwa kuna hatari katika baraza, dawa yake ni kuingia ndani na kuizuia, si kukaa nje na kulalamika. Akapendekeza kanuni: jambo lolote ambalo wajumbe wa Kiislamu wote, au karibu wote, wanalipinga, lisizungumzwe kabisa na Congress. Mzee hakukubali. Kwake yeye, kuingia tu kulikuwa kukubali kwamba wote ni taifa moja.

Basi Tyabji akabaki peke yake katikati. Waislamu wa kaskazini walimwona mtu wa Wahindu. Ilipofika mwezi wa Oktoba, 1888, aliona hali imekuwa mbaya, mikutano ya Waislamu ya kuipinga Congress imezagaa nchi nzima, na akafanya jambo ambalo wanasiasa hawalifanyi sana. Alimwandikia A. O. Hume, yule Mwingereza aliyekuwa katibu mkuu wa Congress, akamshauri kwamba baada ya mkutano wa mwaka huo Congress iahirishwe kwa muda wa miaka mitano. Hoja yake ilikuwa kwamba chama kinachojiita cha nchi nzima, ikiwa taifa moja kubwa la nchi hiyo limekikataa, hakina haki ya jina hilo. Basi na wangoje, wazungumze na ndugu zao taratibu. Fikiri, msomaji: mtu aliyekuwa rais wa chama mwaka mmoja tu nyuma, anataka chama kinyamaze kwa sababu jamaa yake haijaridhika!

Viongozi wenziwe hawakulikubali shauri hilo. Congress iliendelea, ikakutana Allahabad mwezi wa Desemba kwa wingi mkubwa zaidi. Lakini huko Allahabad ilipitishwa ile kanuni yake: jambo ambalo Waislamu kwa jumla, au Wahindu kwa jumla, wanalipinga, lisijadiliwe. Ndilo alilolipata. Si dogo. Kwa mara ya kwanza chama cha siasa cha Bara Hindi kilikubali kwa maandishi kwamba wingi wa kura si kila kitu, na kwamba kuna mambo ambayo walio wengi hawana ruhusa ya kuwapitishia walio wachache.

KITI CHA JAJI

Mwezi wa Juni, 1895, Tyabji aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Bombay. Jaji hafanyi siasa, na tangu siku hiyo akaiweka siasa kando. Lakini siasa haikumwacha. Miaka miwili baadaye ilimjia mahakamani mwake ikiwa na sura ya Bal Gangadhar Tilak.

Mwaka wa 1897 mji wa Poona ulikuwa umeingiliwa na tauni. Serikali ilituma askari wapekue nyumba, na watu walichukia jinsi walivyoingiliwa mpaka ndani kwa wanawake. Mwezi wa Juni, afisa wa Kiingereza aliyesimamia kazi hiyo, Rand, alipigwa risasi. Tilak, mwenye gazeti la Kimaratha liitwalo Kesari, alikamatwa mwezi wa Julai, akashitakiwa kwa uchochezi. Akaomba dhamana, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa tena. Wazungu walikuwa na hofu, na magazeti yao yalitaka mtu huyu asionekane nje. Mwezi wa Agosti wakili wake, Davar, akaleta maombi mapya, na safari hii jaji aliyekuwa kitini alikuwa Badruddin Tyabji.

Yafaa tujue Tilak alikuwa nani kwa Waislamu. Baada ya fujo mbaya za mwaka wa 1893 kati ya Wahindu na Waislamu mjini Bombay, Tilak ndiye aliyeivumisha sikukuu ya Ganpati ikawa ya maandamano ya barabarani, na katika siku hizo Wahindu wengi walioizoea Muharram, wakishiriki pamoja na Waislamu, waliambiwa waiache. Waislamu wa Bombay hawakuwa na sababu ya kumpenda. Katika siasa vilevile hakuwa upande wa kina Tyabji, waliopenda kwenda polepole. Basi hapa pana jaji Muislamu, aliyeteuliwa na serikali ya Kiingereza, na mbele yake pana maombi ya Mhindu ambaye serikali yamtaka jela, na ambaye Waislamu wengi wasingemlilia.

Tyabji alitoa dhamana. Sababu zake zilikuwa za sheria tupu. Dhamana si adhabu wala si zawadi. Ni njia ya kuhakikisha kwamba mshitakiwa atafika siku ya kesi. Ikiwa atafika, hakuna sababu ya kumfunga kabla ya kuhukumiwa, na tena apewe nafasi ya kuitayarisha kesi yake. Ikiwa baadaye ataonekana hana hatia, nani atamrudishia siku zake za jela?

Kesi ilisikilizwa mwezi wa Septemba mbele ya jaji mwingine, Strachey, na juri ya watu 9. Wazungu 6 walimwona ana hatia, Wahindi 3 wakamwona hana. Tilak akafungwa miezi 18. Dhamana haikumwokoa na kifungo, wala haikukusudiwa hivyo. Lakini watu wa nchi hawakuisahau siku ile. Tena kuna jambo la kushangaza kidogo: mwaka wa 1908 Tilak alishitakiwa tena kwa uchochezi, na jaji alikuwa Davar, yuleyule aliyemwombea dhamana mbele ya Tyabji. Davar alimnyima dhamana, kisha akamhukumu miaka 6 uhamishoni. Kifungu cha sheria kilikuwa kilekile. Hapo ndipo mtu anapojua kwamba haki haitegemei kitabu peke yake, bali na moyo wa anayekisoma.

Na kanuni yenyewe, kama nilivyotaja hapo mwanzo, ndiyo iliyoletwa upande wetu mwaka uohuo wa 1897. Maneno yaliyosomwa mahakamani Bombay yalikuja kusomwa na Mombasa.

MIAKA YA MWISHO

Katika mwaka wa 1902 Tyabji alikaimu cheo cha Jaji Mkuu wa Bombay, Mhindi wa kwanza kukikalia. Lakini elimu ya Waislamu haikumtoka moyoni. Mwaka wa 1903 mkutano mkuu wa elimu wa Waislamu, ulioasisiwa na Sir Syed mwenyewe, ulifanyika Bombay, na aliyeuongoza alikuwa Tyabji. Sir Syed alikuwa amefariki tangu mwaka wa 1898. Kwa hiyo yule aliyempinga mzee katika siasa ndiye aliyekaa katika kiti cha mkutano wa mzee, wala hakuna aliyeona ajabu, kwani juu ya kusomesha watoto hawakuwa wakigombana.

Katika mkutano huo aligusa jambo la wanawake. Alieleza kwamba desturi ya kumtawisha mwanamke jinsi ilivyokuwa Bara Hindi imepita mpaka uliowekwa na sharia, na kwamba inamnyima mwanamke afya na elimu. Wengi hawakulipenda neno hilo, na hata leo wako wasiolipenda. Lakini yeye hakusema asilolitenda. Mkewe alikuwa amekwisha kutoka katika kutawa, binti zake walisomeshwa, na mwaka wa 1904 wengine kati yao wakapelekwa shule Uingereza. Mtu aweza kutokubaliana na rai yake. Hawezi kumwita mnafiki.

Alikuwa bado jaji alipokwenda Uingereza kwa likizo. Huko London, tarehe 19 Agosti, 1906, moyo ulisimama ghafla. Alikuwa na umri wa miaka 61. Alifia katika mji uleule alikosomea sheria akiwa kijana mwenye macho mabovu.

Miezi minne baada ya kufa kwake, mwezi wa Desemba, 1906, Waislamu wa Bara Hindi walikutana Dhaka wakaanzisha chama chao wenyewe, Muslim League. Mwaka wa 1909 serikali ikawapa Waislamu wajumbe wa kuchaguliwa peke yao. Na mwaka wa 1947 nchi ikakatwa vipande viwili, damu ikamwagika, mamilioni wakahama makwao. Wako wanaosema kwamba mambo hayo yalimthibitisha Sir Syed kuwa ndiye aliyeona. Mimi sina hakika. Jamaa zake Tyabji wengine waliendelea na njia yake. Mpwa wake, Abbas Tyabji, aliyewahi kuwa jaji mkuu wa Baroda, alikamatwa mwaka wa 1930 akiwa mzee wa miaka 76, akishika nafasi ya Gandhi katika maandamano ya chumvi. Mwanawe Faiz, aliyekuwa jaji vilevile, aliandika kitabu kikubwa juu ya sheria ya Kiislamu ambacho mawakili wamekitumia kwa miaka mingi.

Nikimtazama Badruddin Tyabji, simwoni mtu aliyeshinda. Sir Syed hakumkubali, Hume hakumsikiliza, na Tilak alifungwa. Alichokiacha ni kanuni moja ya Allahabad, dhamana moja ya mwaka wa 1897, na shule mbele ya stesheni ya reli. Lakini katika yote hayo sioni mahali alipoiuza jamaa yake ili apendwe na wengine, wala mahali alipomnyima mtu haki yake kwa kuwa si wa jamaa yake. Watu wa kulifanya moja kati ya mawili hayo ni wengi. Wa kuyashika yote mawili kwa miaka 40, tena katika nchi yenye fujo, ni wachache sana. Wazazi wanaowaza leo mtoto wao asome nini, na akisoma akae na nani, nadhani wana la kuchukua katika maisha ya mtoto wa Mulla Tyab Ali. Mwenyezi Mungu amrehemu.